Orodha ya Nanyama

Jumanne ile asubuhi Nanyama alipiga pasi blauzi, akamwambia mumewe Dalmas kwamba paka wa jirani amezalia kwenye kapu la nguo, akaenda kazini Ngara. Hakurudi. Moyo ulisimama akiwa kwa meza yake, akiwa na miaka hamsini na minane.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu. Dalmas, aliyekata nyasi za watu Lavington na ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, aliielewa hivi: kila faili lina orodha, nani afungue, nani azuiwe, kama ile ya bawabu getini. Programu ya Nanyama iliiuliza mashine orodha hiyo, ikaitoa mstari kwa mstari.

Kwenye kompyuta ya nyumbani kwao, mtaa wa Satellite, aliacha sauti aliyorekodi, akaiita Mazishi. Dalmas akibonyeza, mashine inakataa. Siku ya nne ukoo ulijaa sebuleni ukitaka mwili uende kijijini kwao Kimilili, na Dalmas hakujua Nanyama mwenyewe alitaka nini.

Akamwita Kui, mwenzake Nanyama wa ofisini, ambaye Nanyama alimwachia ufunguo wa kusimamia mashine hiyo. Kui akaendesha programu ya marehemu. Orodha ikatoka.

"Mzee, jina lako liko. Umeruhusiwa."

"Mbona inanifukuza?"

"Juu ya jina lako ameandika ukoo wote uzuiwe. Na wewe alikuweka kwa kundi la ukoo. Mashine inaanza na waliozuiwa. Ikishakataa, haishuki chini."

Nanyama alikuwa ameolewa kwa kina Dalmas miaka thelathini na mitano. Mumewe angemweka wapi kwingine?

"Nikutoe kwa ukoo?" Kui akauliza.

Maxwell, mdogo wake Dalmas, akaruka. "Wee msichana! Mtu anatolewa ukoo na kompyuta?"

"Ni kwa mashine tu, baba."

"Basi na mimi nitoe, nisikie."

"Wewe hata nikikutoa, jina lako haliko."

Shangazi mmoja akacheka, akaziba mdomo kwa leso.

"Nitoe," Dalmas akasema.

Kui akamtoa, akamwambia aingie upya kwa jina lake. Dalmas akawaomba wote watoke. Akasikiliza mara mbili, peke yake. Kisha akasimama mlangoni, akawaambia neno kwa neno alivyosema Nanyama:

"Dalmas, usikubali Kimilili. Nizike Lang'ata, hapa mjini, Jumamosi, watu wasikose kazi. Na ukitaka kulia, lia mwenyewe, usiwaachie hao."