Siku Niliyopasua Kiatu cha Chepkorir

Jambo kubwa nililofanya kazini ni kupasua kiatu cha dada yangu kwa kisu cha mkate. Nalisema mapema ili wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza wanaotamani kazi ya kukagua viatu walijue, halafu waende zao kwaya.

Mwalimu wa Michezo aliniajiri asubuhi ya mbio za kanda, hapa Rongai, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. Akanipa rula na kuniweka meza ya viatu. Kazi yenyewe ni kupima unene wa soli, maana povu la soli za siku hizi likizidi kimo kilichowekwa linamrusha mtu kama godoro jipya. Halafu kuna kibao, kipande chembamba cha kaboni kinacholala ndani ya soli. Kimoja ni ruhusa, viwili ni wizi. Shida ni kwamba hakionekani. Nilipima viatu vya watu mpaka pua ikaomba likizo.

Chepkorir, dada yangu, alitaka kuwa kati ya watatu wa kwanza ili aende mbio za kaunti. Viatu vyake vya rangi ya chungwa mama alivitoa kwenye mtumba anaouza sokoni. Kocha wa shule moja ya karo kubwa akaja mezani, akavinyooshea kidole.

"Boss, hivyo vina vibao viwili. Nani anajua vimetoka wapi?"

"Vimetoka kwa mathe," nikamwambia.

Refa Mkuu, aliyekuwa kando ya meza, hakucheka. "Kijana, hakikisha. Usipokuwa na uhakika, huyo msichana hakimbii."

Chepkorir alikuwa upande wa pili wa uwanja akipasha mwili moto, ameniachia viatu. Nikaazima kisu kwa mama wa chai, nikapasua kimoja kutoka kisigino hadi vidoleni. Ndani kulikuwa na kibao kimoja. Kimoja tu! Nikakiinua juu kama kombe.

"Kiatu ni halali," Refa Mkuu akatangaza.

"Kiatu gani?" Chepkorir akauliza nyuma yangu.

Alikimbia na raba za shule. Mimi nilikuwa nimehamishiwa mstari wa kumalizia, kwa hivyo nilimwona vizuri akiingia wa nne. Mbele yake walikuwa wasichana watatu wa yule kocha, wote na soli nene, mpya kabisa.

Jioni nikarudisha rula, nikastaafu. Kazi hii inachosha kwa namna ambayo usingizi hausaidii. Unapima kila kinachopimika, na bado kuna mtu anarudi nyumbani akijua si miguu iliyomshinda. Chepkorir hakunipiga. Angenipiga, ningelala.

Nyumbani mama alikuwa akifunga gunia la viatu vya kesho. Nikamweleza yote, hata ile ya kibao kimoja, nikidhani itanitetea. Akakigeuzageuza kile kiatu kilichopasuka.

"Na vya wale watatu," akasema, "ulipasua cha nani?"