Siku Nilipomfukiza Bibi Harusi kwa Mvuke

Sitaki kuhurumiwa, mimi ni fundi mzuri na hata leo nitakuambia hivyo, lakini kama uliwahi kusikia hapa Kisumu habari ya fundi mwanamke aliyemfukiza bibi harusi kwa mvuke mbele ya ukoo mzima, usitafute mbali, ndiye huyu anayeongea na wewe.

Kazi yangu ni injini kuukuu. Bwana Jaswant, mwenye duka la vipuri mtaani kwetu, aliniletea pikapu ya marehemu babake, iliyokuwa ikibeba mchele kutoka Ahero kabla mimi sijazaliwa.

"Mama Apiyo," akaniambia, "baba yangu hakumwona binti yangu Simran akikua. Sasa anaolewa. Angalau gari ya babu imsindikize."

Maneno kama hayo utakataa vipi?

Nikafungua injini, nikakuta silinda zimekwaruzwa vibaya, lazima zichongwe zipanuke ziingie pistoni kubwa zaidi. Sasa, ukipanua silinda unakula ukuta wake, na nyuma ya ukuta kuna maji ya kupoza injini, kwa hivyo fundi mwenye akili hupima kwanza chuma imebaki nene kiasi gani. Kuna kifaa kidogo, unakigusisha ukutani kinakusomea unene. Odhiambo, fundi mwenzangu ng'ambo ya barabara, anacho. Lakini wiki hiyo tulikuwa tumebishana mbele ya wateja nani anajua injini za zamani (nilishinda, wacha niseme), sasa ningeendaje kumwomba? Nikagonga bloku kwa spana, ikalia ngiii, nikasema chuma ya zamani haina mchezo, nikachonga.

Injini ikawaka. Yawa, ilinguruma tamu! Nikaizungusha kidogo mtaani, nikavimba kichwa, nikamwambia Bwana Jaswant siku yenyewe nitaendesha mimi, nikashonesha gauni, nikaalika akina mama wa kanisani kwetu waje waone (nani alinituma?), na Odhiambo pia nikamwalika, ajionee.

Siku ikafika. Simran akatoka hekaluni akilia, maana ndiyo saa ya kuaga kwao, akaketi kando yangu. Desturi yao ni kwamba kaka za bibi harusi husukuma gari kidogo, ishara tu ya kumtoa dada yao. Nikawasha, wakasukuma, watu wakapiga makofi.

Hatukufika geti. Injini ilikohoa, ikarusha teke, halafu nyuma likatoka wingu jeupe, mvuke mtupu, likatuingilia madirishani, likafunika kaka, vilemba, nyanya na akina mama wangu wote wa kanisani.

"Auntie, tunaungua?" Simran akauliza.

"Hapana mwanangu, ni maji tu."

"Na maji yanatafuta nini ndani ya injini?"

Badala ya kumjibu nikakanyaga mafuta. Injini nayo ikazima, ikakataa kabisa. Ndani ya lile wingu mtu akapaza sauti, "Haya, sukumeni!" na wale kaka, waliodhani kazi yao imeisha, wakatusukuma barabarani hadi nyumbani kwa bwana harusi, suti zikiloa jasho, mimi nimeshika usukani ndani ya gauni langu jipya, watu wa bodaboda wakinipigia saluti. Bwana harusi mwenyewe akashuka kwenye gari lake, akasukuma. Simran alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamrudia upya.

Kesho yake tulifungua injini. Ukuta wa silinda moja ulikuwa umepasuka, maji yakavujia ndani. Kutu ilikuwa imeula miaka yote kutoka upande wa maji, mahali jicho halifiki. Odhiambo akaja na kifaa chake bila kuitwa.

"Ungeniuliza tu," akasema, na hakucheka, jambo lililoniuma zaidi.

Nikamgeukia Bwana Jaswant. "Sikupima. Kosa ni langu, na nitalitengeneza."

Akasema, "Simran anasema hakuna bibi harusi mwingine Kisumu aliyesukumwa na kaka zake mpaka mlangoni. Tengeneza."

Nikaingiza bomba jipya la chuma ndani ya ile silinda, kwa kipimo sahihi, na pikapu inatembea mpaka leo, muulize yeyote. Siku hizi hata ukiniletea injini ya kusagia posho, napima kila ukuta juu, chini na pande zote, na aibu ya kuomba kifaa nimeizika. Na nikialikwa harusi nakuja kwa tuktuk, nakaa viti vya nyuma, sigusi usukani wa mtu.