Breki Mbili Zilizolingana

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, katikati ya miaka ya tisini, gia ya tatu ya trekta la Mama Mueni iliruka ikarudi nyutro, pasipo na gia. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kuteremka mtaa wa Gatina, na trela nyuma yetu lilikuwa limejaa mawe ya kujengea. Saa hiyo nina hakika nayo, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimeketi juu ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, na daftari magotini, nikiandika muda wa safari. Nilikuwa kijana wa kuandika kila kitu. Mstari wa siku hiyo unaishia hapo, na mbele yake kuna mchirizi mrefu wa kalamu.

Nianze na Jumatano, siku tatu kabla, kwa maana hatari yenyewe ilianzia kwenye mikono yangu.

Nilikuwa nimetoka Kitui miaka mitatu iliyotangulia, nikapata kazi mtaa wa Laini Saba, kando ya reli, kwenye kiwanja cha jua kali cha Mzee Odhiambo. Ufundi nilijifunza kwa kumtazama mzee huyo, na kwa kusoma kitabu kimoja cha matrekta kilichokosa jalada na kurasa za mwisho, kamusi ikiwa pembeni. Sijutii kusoma. Ninachojutia ni kwamba nilipoelewa ukurasa nilidhani nimeelewa mashine.

Jumatano hiyo mzee hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwao Siaya kumzika shemeji yake, na kiwanja aliniachia mimi. Wafula, dereva wa Mama Mueni, akaingia na trekta lile kuukuu, akazima injini, akashuka akitikisa kichwa.

"Fundi, hii kitu imeanza ujinga," akasema. "Nikikanyaga breki inavuta kushoto, karibu initupe kwa mtaro. Na namba tatu inaruka nikiteremka. Siku hizi naishikilia gia na mkono kama mtoto anavuka barabara."

"Acha nione," nikamwambia.

Trekta la aina ile lina breki mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, na kila moja ina pedali yake. Shambani unakanyaga moja ili ukate kona. Barabarani unaziunganisha kwa kilimi cha chuma, zishike pamoja. Nikafungua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa, kushoto na kulia. Trekta linavuta kushoto. Basi, niliandika, breki ya kushoto inakamata kupita kiasi. Nikailegeza. Ya kulia nikaikaza mpaka spana ikagoma. Nikapima mafuta ya giaboksi kwa kijiti chake, nikakuta yamepungua kama lita mbili. Nikainama chini ya trekta: udongo mkavu, hakuna tone. Nikajaza lita mbili mpya, nikaandika "mafuta sawa". Kuhusu gia kuruka, nilijiambia ni uchache wa mafuta na uzee, na mafuta nimeshaongeza.

Tukalijaribu kwenye tambarare kando ya reli, bila trela. Lilikwenda limenyooka, likasimama limenyooka. Wafula akapiga makofi.

"Sasa wewe ni daktari," akasema.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kiwanja chetu kiliinamia upande wa reli, na kwetu mafundi wa jua kali hakuna gari linaloegeshwa bila jiwe chini ya gurudumu. Ni mazoea, kama kuvua kofia ukiingia kanisani. Nikiwa bado namwambia Wafula kwamba breki zimekamata, mguu wangu ulikuwa unasukuma jiwe chini ya tairi. Hakuna aliyeniuliza jiwe ni la nini. Mimi pia sikujiuliza.

Jumamosi Wafula akanialika nipande, nikaone kazi yangu ikibeba mzigo. Enzi hizo Gatina ilikuwa ikiacha nyumba za mabati na kuinua ghorofa za kupangisha, na mawe yalihitajika kila siku. Tulipofika kwenye mteremko, Wafula alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Aliniamini. Gia ikaruka na mlio mfupi, kama mtu anayevunja kuni. Akaurudisha mti wa gia. Meno yakasaga, yakakataa. Akasimama juu ya pedali zote mbili kwa uzito wake wote.

Trekta halikuvuta kushoto wala kulia. Lilinyooka vile vile nilivyolipanga, na halikupunguza mwendo hata kidogo.

Mwanangu, watu husema hofu hukufanya upige kelele. Mimi ilinifunga mdomo. Niliona mbele yetu wanawake waliotandika sukuma wiki juu ya magunia, niliona wanakwaya wenye sare wakivuka bila haraka, na nilihesabu. Nilihesabu watu, kwa sababu ndivyo akili yangu ilivyozoea. Nilifika kumi na nne.

"Tokeni! Tokeni njiani!" Wafula alikuwa anapaza sauti. Kisha kwangu, bila kunitazama: "Mutua, shikilia! Usiruke!"

Akakata kulia, akalitumbukiza trekta kwenye rundo la mchanga mbele ya jengo lililokuwa likijengwa. Trela likajikunja nyuma yetu, mawe yakamwagika. Jiwe moja lilibingirika peke yake mpaka kwenye gunia la mama mmoja, likasimama katikati ya mboga. Yule mama alikusanya leso yake miguuni akaketi chini palepale.

Hakuna aliyekufa. Mkono wa Wafula ulivunjika, usukani ulipouzungusha.

Duka la Mama Mueni halikuwa mbali, akafika mbio. Alikuwa mjane kutoka Machakos, na trekta lile ndilo lililosomesha wanawe. Kitu cha kwanza alichokitazama ni mti wa gia. Ulikuwa nyutro.

"Madereva nyinyi nawajua," akasema. "Mkifika mteremko mnatoa gia, trekta iende yenyewe, dizeli ibaki muuze. Leo ungeniulia watu, Wafula!"

"Mama, gia imeruka yenyewe," Wafula akajibu, akiwa amekaa kwenye mchanga na kuushika mkono wake. "Uliza fundi. Alikuwa hapa juu."

Mama Mueni akanigeukia. Akaniuliza kwa Kikamba, kwa upole, kama mtoto wa kwao: ni kweli?

Hofu ya mteremko ilikuwa imekwisha, na hii ilikuwa nyingine, iliyo mbaya zaidi. Nikisema gia iliruka, swali linalofuata ni nani aliyelitengeneza trekta. Nikajibu, "Sikuona vizuri, Mama. Nilikuwa naandika."

Wafula alinitazama. Hakunitukana. Walimpakia kwenye pikapu kwenda hospitali, na Mama Mueni akatangaza mbele ya watu wote kwamba Jumatatu asubuhi anakwenda polisi kumshtaki kwa kuendesha ovyo. Nilijua maana yake. Wafula angepoteza leseni, pengine afungwe, kwa kosa lililokuwa ndani ya daftari langu.

Jumapili adhuhuri trekta lilivutwa mpaka kiwanjani, na alasiri Mzee Odhiambo akarudi kutoka Siaya. Nikamweleza kazi niliyoifanya Jumatano. Hakugomba. Akapanda kwenye kiti, akaziunganisha pedali, akazikanyaga.

"Toa jiwe," akaniambia.

Nikatoa. Trekta likaanza kusogea kuelekea reli, na mguu wake bado uko kwenye breki. Nikalirudisha jiwe haraka.

"Na Jumatano uliweka jiwe hivi?"

"Niliweka, Mzee."

"Siku ile ile ulisema breki zimekamata?"

"Ndiyo."

"Ungelitoa jiwe, Jumatano ingesogea polepole kuliko leo. Lakini ingesogea. Ungeona."

Kisha tukaifungua breki ya kulia. Dramu ilipotoka, mafuta mazito yalichuruzika mpaka kwenye viatu vyangu. Mzee akapitisha kidole kwenye lainingi, ule utando mgumu unaoishika dramu, akanusa, akaniletea puani. Ilikuwa harufu ya mafuta ya giaboksi.

"Ulikuta yamepungua, na chini ni pakavu. Sasa ulidhani yamekwenda wapi, omera, ndugu yangu? Yamepanda mbinguni?"

Sili ya ekseli, mpira unaozuia mafuta yasitoke, ilikuwa imekwisha, na mafuta yalikuwa yakipenya ndani ya breki, mahali ambapo jicho halifiki. Nilipoongeza lita mbili, niliipelekea breki mafuta zaidi. Na ile ya kushoto, niliyoilaumu, ndiyo iliyokuwa nzima. Ilivuta kwa sababu ilikuwa inafanya kazi peke yake. Nami nikailegeza ili ifanane na mgonjwa.

Tukafungua kifuniko cha gia. Springi inayoishikilia gia isitoke mahali pake ilikuwa imekatika vipande viwili.

Mzee akafuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Mama Mueni umemwambia nini?"

Nikaanza kuokota spana.

"Haya. Mashine nimeshakufungulia," akasema. "Hiyo iliyobaki fungua mwenyewe."

Jumatatu kulipopambazuka nilikwenda Kawangware, dukani kwa Mama Mueni, kwa miguu, nikapitia mtaa wa Olympic, lainingi na springi nimezifunga kwenye gazeti. Njia nzima nilitafuta sababu ya kurudi, na nilizipata nyingi. Nilimkuta Mama Mueni anafunga kitambaa kichwani, tayari kutoka. Nikaweka gazeti juu ya kaunta, likaanza kuloa mafuta, nikasema yote kwa mpangilio, kuanzia Jumatano.

"Na Jumamosi ulisema hukuona," akaniambia.

"Niliona, Mama. Niliogopa."

Akafungua kile kitambaa, akakikunja. "Nenda umwambie Wafula kabla sijamwambia mimi. Na trekta langu usiliguse tena maisha yako yote."

Sikuligusa tena. Wafula nilimkuta chumbani kwake, mkono kwenye plasta. "Karibu, mwandishi," akasema. "Leo umekuja na kalamu?" Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisukumia chupa ya soda nimfungulie, kwa kuwa mkono wake haukuweza. Nilifungua. Huo ndio msamaha nilioupata, na ulinitosha.

Mwanangu, huenda hutashika spana hata siku moja, lakini utapewa vitu vya kutengeneza, na watu watapanda juu ya kazi yako kwa kukuamini. Pande mbili zikitofautiana, usikimbilie kuzilinganisha. Tafuta kwanza ni upande upi ulio mgonjwa. Kitu kikipungua na huoni kimemwagika wapi, usijaze, tafuta. Breki ijaribu kwenye mteremko na mzigo, jiwe likiwa limetolewa, na wewe mwenyewe ndiye uwe juu. Ukikosea, sema saa ile ile, kabla mwingine hajaanza kubeba lawama yako. Mimi nilichelewa siku mbili, na siku hizo bado ninazo. Wala usiione aibu kuogopa. Ningeogopa Jumatano, nisingekuwa na la kuogopa Jumamosi.

Mungu akulinde katika kila mteremko, akulindie na wale walio chini yake, na akupe ulimi mwepesi wa kukiri.

Sili moja na springi moja, alizozifunga Mzee kwenye trekta lile. Nilizinunua mwenyewe kwenye maduka ya vipuri, Barabara ya Kirinyaga, siku ya Jumanne, kwa shilingi mia tatu na arobaini.