Vikombe Saba vya Mama Mutahi

Warigia alikuwa mtu wa kuuliza. Tangu akiwa mtoto huko Tetu, mama yake alimwambia kwamba mdomo huo utamfikisha mahali, na kweli ulimfikisha. Ulimfikisha nyuma ya kaunta ya Ambalal, mwenye magari ya kukodi mjini Nyeri, ambako kazi yake kutwa ilikuwa kuuliza watu maswali na kuandika majibu kwenye fomu. Unaitwa nani. Unatoka wapi, unafika wapi. Una masanduku mangapi. Wengine huzaliwa na sauti ya kuimba. Yeye alipewa udadisi, na Ambalal akamlipa mshahara juu yake.

Ulikuwa mwaka wa sabini na moja. Watu waliokwenda ng'ambo kusoma walikuwa wameanza kuja nyumbani, wengine kwa likizo tu, na ikawa heshima kubwa kumpokea mtu wako kule Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwa gari la kukodi, gari lako peke yako, lisilosimama njiani kuokota mtu mwingine. Warigia alikuwa ameandika neno Embakasi mara mia na zaidi. Namba ya ndege, saa ya kutua, vyote aliviandika kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Ndege yenyewe hakuwa ameiona hata siku moja ikiwa chini. Alitaka sana kujua. Je, watu hushuka kwa ngazi, au mlango unafunguka palepale chini? Wanatoka wakicheka au wakiwa wameshika matumbo? Alimuuliza Kingori, dereva aliyekwenda huko kila wiki.

"Ni uwanja tu," Kingori akasema. "Iko na ndege."

Hilo ndilo jibu alilopata kwa miaka sita.

Sasa, ile fomu ilikuwa na mstari wa nne, na mstari wa nne ndio uliokuwa shida. Idadi ya abiria. Mimi sijui aliyetunga fomu ile alizaliwa wapi, lakini hakuwa mtu wa huku. Kwa Wagikuyu watu hawahesabiwi. Hesabu magunia ya kahawa, hesabu mbao, lakini watoto wa mtu usiwanyooshee kidole ukasema moja, mbili, tatu, maana ni kama kuionyesha mauti mahali walipo. Hata wazee wa kanisa, wanaosimama mbele kila Jumapili, ukiwauliza wana watoto wangapi watakujibu kwamba Mungu amewasaidia, kisha watatazama dirishani. Na Ambalal naye alitaka namba. Alikuwa na magari madogo ya viti vinne na Pijo ndefu ya viti saba ukimtoa dereva, na bila namba hakujua atoe lipi.

"Warigia, mimi sitaki dini ya mtu," alikuwa akisema. "Mimi nataka namba tu."

Basi Warigia akabuni njia yake. Hakuuliza watu. Aliuliza vikombe. Mteja akifika kwenye mstari wa nne, yeye anaiweka kalamu chini, anajiegemeza, anasema kama anayepiga soga tu: wakifika nyumbani wageni, si utawapikia chai? Utatoa vikombe vingapi? Na mteja, karibu kila mara baba wa nyumba, ambaye angekufa kabla ya kuhesabu watu, anahesabu vikombe bila wasiwasi wowote. Warigia anaandika. Kwa miaka sita hakuna gari lililokwenda likawa dogo, wala kubwa kupita kiasi. Alijivunia jambo hilo kuliko hata mwandiko wake, na ukimpa nafasi angekusimulia mpaka chakula kipoe.

Mwezi wa saba akaja Mama Mutahi. Alikuwa mama wa makamo ya mwisho, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na barua ilikuwa kifuani mwake, imefungwa ndani ya leso. Mwanawe Mutahi alikuwa amekaa Uingereza miaka kumi na mmoja. Alioa mtu wa Karatina hukohuko, wakazaa hukohuko. Sasa alikuwa anakuja na jamaa yake kwa likizo ya majuma matatu.

"Lakini mama, basi si ziko?" Warigia akauliza. Hakupaswa kuuliza hivyo, kazi yake ilikuwa kuuza gari, lakini alishindwa kujizuia. "Kwa nini gari zima?"

Mama Mutahi akaitazama ile barua kwanza.

"Akifika nyumbani, hatakuwa wangu," akasema. "Kutakuwa na watu wa kanisa, na wajomba, na chifu, na kila mtu aliye na kijana anayetaka kwenda ng'ambo. Watamkalia mpaka siku ya kurudi. Nataka ile njia. Kutoka kwa ndege mpaka mlangoni kwangu, nikae karibu naye, aniambie amekuwa akiishi aje. Hiyo njia ndiyo nanunua."

Warigia hakusahau maneno hayo. Akaandika jina, akaandika namba ya ndege, akafika mstari wa nne na kuiweka kalamu chini.

"Mkifika nyumbani mtakunywa chai, mama. Umetayarisha vikombe vingapi?"

"Saba," Mama Mutahi akajibu mara moja. "Nimenunua vipya, vya bati, vya maua."

Saba, akaandika Warigia. Mtoto wake, mke wa mtoto, mama mwenyewe, na watoto wanne. Pijo itatosha barabara.

Jioni ile alimwendea Ambalal na ombi alilokuwa ameliweka miaka yote. Gari litashuka Embakasi likiwa na mtu mmoja tu. Je, naye anaweza kukaa ndani, akaione ndege, kisha alale kwa dada yake, mtaa wa Bahati huko Nairobi, na arudi kesho yake kwa basi? Ambalal akamtazama juu ya miwani.

"Ndege unataka kuifanyia nini?"

"Kuiangalia tu."

"Nenda angalia," Ambalal akasema.

Wakaondoka jua likichomoza, Kingori kwenye usukani, Mama Mutahi katikati na kiondo cha ndizi za kuchoma na viazi vitamu. Warigia alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Njia nzima alimuuliza mama wa watu maswali, na mama akajibu machache, maana alikuwa akifanya mazoezi ya maneno atakayomwambia mwanawe na alitaka yakae katika mpango.

Embakasi kulikuwa na kibaraza cha juu ambako watu husimama kupungia wenzao mikono. Warigia akapanda. Akaiona. Ilikuwa kubwa kuliko kanisa lao, nayo ilisogea polepole kama inayotafuta mahali pa kukaa. Watu wakashuka kwa ngazi, wameshika kofia zao, wakitazama chini wasije wakateleza, kila mmoja na namna yake. Kwa hiyo ni ngazi. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, na hakuona haya. Mama Mutahi aliyekuwa kando yake hakuitazama ndege hata kidogo. Alikuwa akitazama watu.

"Ni yule," akasema kwa sauti ndogo. "Amenenepa."

Walipotoka nje kwenye mlango wa wageni, Mama Mutahi aliyasahau maneno yote aliyoyafanyia mazoezi. Alimshika Mutahi mkono wa koti, akamtemea mate ya baraka kifuani, koti la Uingereza na yote, na akabaki amemshika. Wachuka, mke wake, alikuwa akilia na kucheka. Watoto walisimama wakimwangalia nyanya yao, Cucu kwa lugha ya nyumbani, kwa hamu, wasijue waanzie wapi.

Na hapo ndipo Warigia aliangalia viatu vya watoto. Hakunyoosha kidole, hapana, alilelewa vizuri. Aliangalia viatu tu. Jozi moja, jozi nyingine, na nyingine, na nyingine. Na moja tena. Watoto walikuwa watano. Na baba yao na mama yao wakawa saba, na vikombe vilikuwa saba. Na viti vya Pijo navyo saba.

Akamvuta Mama Mutahi kando.

"Mama, si uliniambia vikombe saba?"

"Ndiyo. Saba."

"Na chako?"

Mama Mutahi akamtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya maji.

"Changu cha nini? Mimi ndiye namimina."

Warigia alijaribu kumkumbuka mama yake mwenyewe ameketi na wageni, ameshika kikombe, akashindwa. Alimkumbuka amesimama na birika. Alimkumbuka jikoni baada ya wageni kuondoka, anakunywa mabaki kwenye kifuniko cha birika, yamekwisha kupoa. Miaka sita ya kuuliza maswali, na swali hilo halikumjia hata siku moja.

Alimweleza Kingori. Kingori akatikisa kichwa. Wachuka akasema atampakata yule mdogo, Kingori akatikisa kichwa tena. Hakuwa mtu mbaya. Miaka miwili nyuma gari lilipinduka karibu na Sagana likiwa na watu wa ziada, na aliyekuwa akiliendesha ni ndugu yake. Tangu siku hiyo Kingori habebi hata kuku wa ziada, na mtu yeyote Nyeri angekuambia usipoteze wakati kumbembeleza.

"Basi si neno," Mama Mutahi akasema haraka, na akajitahidi kutabasamu. "Watoto wamechoka. Nendeni. Mimi nitafuata na basi. Nimengoja miaka kumi na mmoja, hizi saa chache ni nini?" Lakini mkono wake ulikuwa bado umeshika lile koti.

Warigia akamgeukia Mutahi, akamwambia kila kitu, mstari wa nne na vikombe na jibu la mama yake. Alisema mwenye makosa ni yeye, si mama. Mutahi alikuwa mtu mnene wa miwani, mpole.

"Ulikuwa unakunywa kwa kifuniko," akamwambia mama yake. "Nilikuwa nakuona. Nilifikiri unapenda hivyo."

Kisha akampa Wachuka mkoba wa pasipoti, akavua koti.

"Nendeni na gari. Mimi na mama tutakuja kwa basi."

"Umetoka London sasa hivi, uingie basi la Nyeri?" Wachuka akasema.

"Nilitoka Tetu kabla sijatoka London."

Mama Mutahi akapinga. Watu wangesema nini, mtoto wa ng'ambo kuja na basi, na gari limekodiwa? Mutahi akamwambia watawaambia tu kwamba walichelewa gari, basi. Akachukua kile kiondo begani, mbele ya watu wote, mwanamume mzima, na wakaondoka kwenda kutafuta gari la kuwafikisha mjini kwenye basi. Warigia aliwatazama mpaka wakapotea. Mama alikuwa tayari anauliza kitu.

Kwa hiyo kiti kilichobaki wazi kilikuwa cha Warigia, awasindikize Wachuka na watoto, na kulala kwa dada kukafa hapo. Maskini, sasa ndiye aliyeulizwa maswali. Yale ni mananasi? Nani ameyapanda kwa mistari? Mto huu unaenda wapi? Ule mlima mbona umejifunika? Alijibu yote mpaka sauti ikakauka, na akapata kuwahurumia wateja wake. Walipovuka Sagana, msichana mkubwa, aliyekuwa na jina la nyanya yake, akamgusa bega.

"Kwa nini Cucu hakuja na sisi?"

"Kwa sababu sikumuuliza vizuri," Warigia akasema.

Mjini Nyeri alimwomba Kingori asimame kidogo ofisini. Ambalal akashangaa kumwona.

"Wewe si unalala kwa dada?"

"Nimekuja kuchukua kikombe," Warigia akasema, akatoa kikombe chake cha ofisini, cha buluu, kilichobanduka kidogo ukingoni, akarudi mbio garini. Ambalal akabaki mlangoni na miwani mkononi.

Nyumba ilikuwa imejaa kabla hawajafika. Mama wa kanisa walikuwa wamewasha moto, wazee wamekalia viti vyote, na mezani kulikuwa na vile vikombe saba vya maua, vimepangwa, vinang'aa. Wengine walikuja na vyao, kama ilivyo desturi. Saa kumi na moja mtu akaita kutoka nje, na wote wakatoka. Mutahi na mama yake walikuwa wakija kwa kile kijia, polepole sana, kama watu wasiotaka kifike mwisho. Mutahi alikuwa bado anamsimulia jambo, na mama alikuwa amesimama kwa kucheka, ameshika ubavu.

Kisha watu wakamvamia kijana wao, kama mama alivyosema kule ofisini. Mama Mutahi akamwachia bila kinyongo. Alikuwa amepata njia yake. Akafunga kitambaa vizuri, akaenda moja kwa moja kwenye birika.

Warigia akalishika birika kabla yake.

"Keti, mama."

"Wewe ni mgeni, utamiminaje?"

"Keti tu."

Mama Mutahi akaketi, ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Warigia akamimina kwenye kile kikombe cha buluu kwanza, kabla ya wazee, kabla ya mchungaji, na wazee wengine wakatazamana, watajijua wenyewe. Akamwekea mikononi. Mama Mutahi akauangalia mvuke, akapuliza, akanywa kidogo. Akanywa tena.

"Ni moto," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaangalia ndani ya kikombe, kisha akawatazama watu wote pale chumbani, mmoja baada ya mwingine, kwa udadisi mkubwa.

"Na nyinyi," akauliza, "hivi ndivyo mmekuwa mkiinywa siku zote?"