Kigari Kilichogoma Mlimani

Naandika haya nikijua Jang'ombe nzima itanicheka tena. Mimi ni fundi wa magari, na najisifu kupita kiasi. Siku niliyomtengenezea Mzee Makame breki za kigari chake cha viti viwili, nilifanya kazi pekupeku. Nilipomaliza, ndara yangu moja haionekani. Jioni nikatangaza barazani kwamba mtaa umeingia mwizi.

"Mwizi gani anaiba mguu mmoja?" akauliza Mzee Makame.

"Atarudi kuchukua wa pili," nikamjibu. "Nshauficha."

Kesho yake akaja kulalamika kwamba kigari kinakwenda tambarare tu, mlima hakipandi. Nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikamwambia sasa kitapanda hata mnazi. Tukaenda kukijaribu mlima wa Masingini, usukani nimeshika mimi. Katikati ya mlima kikaishiwa nguvu.

"Kanyaga mafuta, fundi."

"Nshakanyaga, Mzee. Pedali haishuki zaidi."

Akainama, akapenyeza mkono chini ya pedali, akavuta. Akaikung'uta vumbi ndara yangu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwizi kairejesha, fundi," akasema. "Ule wa pili sasa utoe ulikouficha."