Pindo la Mguu wa Kushoto

Zamani fundi cherehani alipima miguu yote miwili. Leo wanapima mmoja, au hawapimi kabisa. Unachagua suruali kwenye lundo, kisha mwili ndio uifuate nguo. Fundi ninayemsimulia alikuwa wa enzi zile. Alikaa miaka arobaini kwenye kibaraza kimoja, futi ya kamba shingoni, pini mdomoni, na aliyoyajua kuhusu miili ya watu hakumwambia hata mkewe.

Mwashi mmoja alipokuja kushonewa suruali ya kumwolea dada wa fundi huyo, fundi aligundua mguu wa kushoto wa bwana harusi umepungua sentimita mbili. Akanyamaza. Alikunja pindo la kushoto zaidi, suruali ikakaa sawa. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya kazi: kasoro ya mteja huishia kwenye pindo. Kwa miaka ishirini na minane, kila suruali ya shemeji yake aliishona hivyo.

Mgongo wa mwashi ukaanza kuuma. Alilaumu matofali, akalaumu godoro, akachuliwa kwa kila mafuta. Mwishowe akawa hawezi kuinamia ndoo ya saruji. Msimamizi wa ujenzi akampa miezi miwili: apone, au ampishe mwingine.

Siku hizo binti yake akamnunulia suruali ya dukani. Mwashi akaipeleka kibarazani.

“Shemeji, hii ameshona mlevi. Mguu mmoja unafagia barabara.”

Fundi akailaza mezani, akapima. Akatoa pini mdomoni.

“Suruali haina kosa. Mguu wako wa kushoto ni mfupi. Nimejua tangu suruali ya harusi.”

“Unaujua mguu wangu kuliko mimi, na umekaa kimya?”

“Nilikuwa nakusitiri.”

“Umenisitiri mpaka nimepinda, shemeji.”

Fundi alifunga kibaraza saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampeleka hospitali mwenyewe.

Daktari wa mifupa alimsimamisha mwashi wima, akamwekea vibao vyembamba chini ya mguu wa kushoto mpaka nyonga zikalingana. Akasema wengi wana tofauti kama hiyo na hawaumwi. Huyu nyonga yake ililala upande mmoja, uti wa mgongo ukajipinda ili kichwa kibaki wima, na misuli ya upande mmoja ikabeba mzigo wa pande mbili.

“Msingi umelala, ukuta unajikunja,” mwashi akasema. “Hilo ningeliona kwenye nyumba ya mtu yeyote.”

Fundi viatu akaongeza milimita tano za raba chini ya kiatu cha kushoto, na baada ya wiki tatu akaongeza nyingine tano, ili mwili uzoee. Kila asubuhi mwashi alifanya mazoezi ya kunyoosha mgongo huku mkewe akimcheka. Maumivu hayakuisha yote, lakini miezi miwili ilipotimia, msimamizi alimkuta ameinamia ndoo, akapita bila neno.

Jumapili mwashi alileta suruali zake sita.

“Sasa zote ni fupi kushoto. Ulizikata?”

“Mimi sikati kitambaa cha mtu.”

Fundi akavaa miwani, akaanza kufumua. Ndani ya kila pindo kitambaa kilikuwepo chote, rangi yake bado mpya.