Shingo ya Mtungi wa Mama

Admin, lifiche jina langu, swali liache wazi. Kwa muda mrefu nimejiuliza: je, inafaa kukiharibu kitu cha mwisho cha marehemu ili kuthibitisha kwamba kilikuwa na faida? Nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa upande wa Namoto, mpakani kaskazini, na ninamalizia tese, andiko langu la udaktari wa kemia, katika mji wa mbali kusini. Siku hizi nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui niende wapi.

Kazi yangu ni hii. Kuna kichocheo kiitwacho metaloporfirini, chenye madini katikati yake, jamaa ya kile kinachoipa damu wekundu. Kikitiwa pamoja na peroksidi katika maji yenye rangi za nguo, huivunjavunja rangi ile mpaka maji yakatakata. Tatizo ni kwamba chenyewe huyeyuka na kumwagika na maji, na kukitengeneza ni taabu. Kwa hiyo hushikizwa kwenye kitu kigumu kama udongo, ili kichujwe, kisuuzwe, kitumike tena. Udongo wa dukani uliniangusha: kila nilipousuuza, kichocheo kilitoka. Nikamwomba mama mdogo, mfinyanzi wa Nhica do Rovuma, anitumie udongo wa kwao. Majirani walimtania kwamba mtoto wao amesoma mpaka amerudi kwenye matope. Lakini udongo ule ulikishika kichocheo kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Orientador wangu, msimamizi wa utafiti, mzee asiyesifu ovyo, akasema hiyo ndiyo sura ya kuibeba tese.

Likizo iliyopita nilimpelekea mama mdogo habari hiyo. Alifurahi, kisha akasema, kana kwamba anataja chumvi kwenye mchuzi, "Utaachaje kushika, mwanangu? Nilikutilia na mama yako humo."

Kwetu udongo haufinyangwi peke yake. Huchanganywa na unga wa vigae vya chungu cha zamani ili usipasuke motoni, na chungu cha kwanza cha binti hutiwa vigae vya mama yake. Mtungi wa mama ulivunjika siku tulipokimbia vita. Mama mdogo aliporudi aliviokota vigae uani. Mama mwenyewe hakurudi. Nilipoomba udongo, mama mdogo alidhani nimeanza kufinyanga hatimaye, akavisaga karibu vyote kwa mapenzi. Ilibaki shingo ya mtungi tu.

Basi sijui nilipima nini. Nimeurudia udongo ule bila vigae: kichocheo kimetoka. Nimejaribu vigae vya mitungi ya watu wengine: vilikishika kidogo, vikakiachia. Labda ni miaka ya moto na maji ndani ya mtungi wa mama. Labda ni kosa langu lililojificha mahali. Nilimweleza orientador yote. Hakukasirika. Alisema, "Kisichorudiwa si tokeo, doutora, ni bahati. Lete kigae kingine, au sura hiyo tuitoe." Ikitolewa, tese inabaki na majaribio yaliyoshindwa, na bolsa yangu, fedha ya masomo, hainipi muda wa kuanza upya.

Nilimpigia mama mdogo simu nikitumaini atakataa, anipunguzie mzigo. Hakukataa. "Shingo ni yako, nilikuwekea ya chungu chako cha kwanza. Lakini ukishaisaga, usije ukanirudishia mfuko mtupu ukaniambia ndiyo elimu."

Msiniambie nimegue kidogo. Kipande kidogo kingenionyesha kigae kimeundwa na nini, si jinsi kinavyoshika. Kwa hilo lazima nisage karibu yote. Nikiisaga, huenda nikajua. Lakini atakayetaka kuhakikisha baada yangu atamtoa wapi mama yangu mwingine? Nitakuwa nimeigeuza bahati moja kuwa bahati mbili. Nisipoisaga, nitaishi nikishuku kwamba niliogopa jibu. Na hata sasa sina hakika kama ninautetea ukweli, au ninataka tu mama afanye kazi mara moja zaidi, mbele ya watu.

Shingo imefika jana kwa basi, imefungwa kwa mtandio wa mama mdogo. Kinu kiko pembeni, nimekiosha mara mbili bila sababu. Ndugu zangu mnaosoma, hasa mliobakiwa na kitu kimoja tu cha mama: ingekuwa ninyi, mngeufungua mtandio?